Tanzania haijaridhia Mkataba dhidi ya Utesaji: aliyeteswa huku Visiwani anapata msaada gani?

Msaidizi wa Sheria, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kila inapokaribia tarehe 26 Juni, siku iliyowekwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wahanga wa utesaji, watu wa shehia yetu huniuliza suali ambalo jawabu lake silipati kwa ukamilifu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji ulipitishwa mwaka 1984 na ukaanza kutumika mwaka 1987. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimo, Tanzania haijauridhia. Je, mtu aliyepigwa akiwa kizuizini Pemba au Unguja ana njia yoyote ya kuzifikia jitihada za Umoja wa Mataifa dhidi ya utesaji, au ni za majirani tu?

Wakili, Vuga

Wa alaykum salaam. Kwanza niseme kwamba kutoridhia Mkataba hakuhalalishi kuteswa kwa mtu yeyote. Katiba ya Muungano ya 1977, katika ibara ya 13, inapiga marufuku mateso na adhabu za kinyama, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inakataza. Aidha, tangu 1976 Tanzania imo katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao ibara yake ya 7 inakataza utesaji hata wakati wa hali ya hatari.

Tunachokikosa ni ukaguzi. Itifaki ya Hiari ya Mkataba dhidi ya Utesaji, ya mwaka 2002, inaipa kamati ndogo ya wataalamu 25 uwezo wa kuingia katika vituo vya polisi na magereza, na inaitaka kila nchi mwanachama iwe na chombo chake huru cha kufanya ziara hizo mara kwa mara. Kwetu chombo hicho kingelazimika kuingia kwa Polisi, ambao ni wa Muungano, na vilevile katika Vyuo vya Mafunzo, yaani magereza ya Zanzibar, ambavyo viko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Mimi naliona hili kuwa pengo kubwa kuliko yote, kwa sababu mtu huwa katika hatari zaidi saa za mwanzo baada ya kukamatwa, kabla jamaa zake hawajajua alipo.

Njia zilizobaki si nyingi. Mtaalamu Maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu utesaji, nafasi iliyoanzishwa mwaka 1985, hupokea taarifa kutoka nchi yoyote, iwe imeridhia au haikuridhia, na hadai kwanza umalize mahakama za ndani. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Banjul, Gambia, nayo hupokea malalamiko, ila hiyo hutaka njia za ndani ziwe zimekwisha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya Arusha, ambayo iko karibu yetu zaidi, mwananchi hawezi tena kuipelekea shauri jipya moja kwa moja, kwani mwaka 2019 Serikali iliondoa tamko lililokuwa likiruhusu hivyo.

Daktari, Chake Chake

Ndugu yangu wa Wete, Wakili amesema kweli, lakini njia zote hizo hukwama pasipo ushahidi, na ushahidi wa mwilini hauna subira. Mtu aliyepigwa nyayoni huweza kuvimba mno siku za mwanzo, na baada ya majuma machache usione kitu kwa macho.

Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1999 uliofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inamfundisha daktari namna ya kufanya: amchunguze mtu faraghani bila askari kuwapo, apate ridhaa yake, aandike maelezo yake kwa maneno yake mwenyewe, achore kila jeraha katika picha ya mwili, kisha aeleze ni kwa kiasi gani jeraha linalingana na maelezo hayo. Inasisitiza pia kwamba kukosekana kwa kovu si dalili kwamba hakuteswa, na kwamba usingizi uliopotea, hofu na kumbukumbu zinazomrudia ni ushahidi unaostahili kuandikwa.

Hapa ndipo ninapoumia. Aliyejeruhiwa kwa kipigo huambiwa aje na fomu ya PF3, na fomu hiyo hutolewa polisi. Anayewalalamikia polisi wenyewe atathubutu vipi kwenda kuiomba? Nawasihi wenzangu wa hospitali: mtibuni mgonjwa na andikeni mlichokiona katika jalada lake siku ile ile, fomu ifuate baadaye.

Msaidizi wa Sheria, Wete

Ahsanteni sana. Na gharama za matibabu, hasa ya akili, nani huzibeba?

Wakili, Vuga

Upo Mfuko wa Hiari wa Umoja wa Mataifa kwa Wahanga wa Utesaji, tangu 1981. Huendeshwa kwa michango na fedha zake hazipitii serikalini, bali hupewa jumuiya zinazowahudumia wahanga kwa matibabu, ushauri nasaha na msaada wa kisheria, na kuridhia Mkataba si sharti. Muhanga haombi mwenyewe. Jumuiya ndiyo inayoomba. Kampala pana kituo cha kuwatibu wahanga tangu 1993, na Nairobi wapo madaktari na mawakili wanaofanya kazi hii pamoja. Jumuiya yenu ikiwa imesajiliwa na ina daktari aliye tayari, niandikieni faraghani tuanze kulitayarisha ombi.