Namna sahihi ya kuandika anwani kwenye postikadi iendayo Ujerumani

Mwalimu wa Korogwe aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya posta. Mdogo wangu anasoma Leipzig, Ujerumani, na amepanga chumba ndani ya nyumba ya mama mmoja wa Kijerumani. Tangu aondoke nimemtumia postikadi mbili. Ya kwanza haikumfikia kabisa. Ya pili ilinirudia mimi mwenyewe baada ya wiki kadhaa, imepigwa mihuri, imelala katika sanduku langu la posta kana kwamba ndiye mimi niliyeandikiwa.

Nieleze nilivyoandika, ili mnionyeshe kosa. Nilianza salamu upande wa kushoto wa mgongo wa kadi, na kwa kuwa maneno yalikuwa mengi nikayamalizia kulia, chini ya anwani yake. Anwani niliiandika hivi: jina lake, namba ya nyumba, mtaa, kisha "Leipzig 4107", kisha "Ujerumani". Pembeni yake, upande uleule wa kulia, niliweka jina langu na S.L.P. yangu, kwani tulifundishwa kwamba barua isiyo na anwani ya mwandishi imepungukiwa adabu. Sasa nimenunua kadi ya tatu yenye picha ya milima ya Usambara, ambayo ndiyo aliyoitamani, na sipendi nayo ipotee. Je, kipi kiandikwe wapi, na kwa lugha gani?

Mstaafu wa Posta alijibu:

Mwalimu, pole kwa kadi hizo. Nilichambua barua kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa maelezo yako sishangai kwamba ya pili ilirudi: nusu ya kulia ilikuwa na anwani mbili, na aliyeishika, awe mtu au mashine, akaifuata ya kwako. Nusu hiyo si yetu sisi waandishi, ni ya posta. Stempu hukaa kwenye pembe ya juu kulia, anwani ya mpokeaji hukaa chini yake, na hapaongezwi neno jingine. Salamu zikizidi nafasi ya kushoto, zipunguzwe. Zamani hata hiyo nafasi ya kushoto haikuwapo, kwa maana mgongo wote ulitengwa kwa anwani. Waingereza ndio walioruhusu ugawanywe mwaka 1902, Wajerumani wakafuata mwaka 1905 na Wamarekani mwaka 1907, na ndiyo maana kwenye kadi za kabla ya hapo utakuta salamu zimebanwa pembezoni mwa picha.

Kuhusu anwani yenyewe, kumbuka kwamba ina wasomaji wawili. Wa kwanza yuko hapa kwetu, naye hana haja ya kujua mtaa wala nyumba. Hutazama mstari wa mwisho tu, ajue kadi iingie katika mfuko wa nchi gani. Basi mstari huo uwe na jina la nchi peke yake, kwa herufi kubwa: GERMANY. Neno "Ujerumani" mimi ningelielewa, lakini kadi ikichanganywa na za nchi nyingine na kushushwa huko, hakuna atakayejua ilikuwa inakwenda wapi. Msomaji wa pili yuko Ujerumani, na mistari ya juu ni yake, kwa hiyo ipangwe kwa desturi ya kwao: jina, halafu mtaa ukifuatwa na namba ya nyumba, halafu postikodi ikitangulia jina la mji. Namba 4107 haitoshi. Tangu tarehe 1 Julai 1993 postikodi za Ujerumani zina tarakimu tano nchi nzima, na sifuri iliyo mwanzoni ni tarakimu kamili, tena ndiyo inayoipeleka kadi upande wa mashariki wa nchi. Tazama anwani ya maktaba ya mji huo:

Stadtbibliothek Leipzig
Wilhelm-Leuschner-Platz 10–11
04107 Leipzig
GERMANY

Usiweke nukta wala mkato mwishoni mwa mistari, na usiupigie mstari mji.

Binti Pangani, Hamburg, alijibu:

Mzee ameeleza vizuri safari ya kadi hadi mjini. Mimi nahofia kwamba ile ya kwanza ilipotelea mlangoni. Huku katika majengo ya ghorofa, kwa kawaida anwani haitaji namba ya chumba. Mpeleka barua hufika kwenye jengo, akatazama safu ya visanduku vya barua, akatafuta jina la ukoo lililobandikwa. Mpangaji wa chumba ambaye jina lake halikubandikwa ni sawa na mtu asiyeishi hapo, hata kama mtaa na namba ni sahihi. Mwaka wangu wa kwanza barua zangu zilikuwa zikirudishwa kwa namna hiyo, nami nililia kwa barua moja ya mama ambayo sikuiona tena.

Kwa hiyo, Mwalimu, muulize mdogo wako jina la ukoo la mama mwenye nyumba, kisha chini ya jina lake uandike "bei" au "c/o" na jina hilo. Maana yake ni ileile ya "kwa mkono wa" tuliyokuwa tukiiandika kwenye barua za nyumbani. Ila kwa mambo ya baadaye, ni bora aombe ruhusa abandike jina lake mwenyewe kwenye kisanduku.

Uangalie pia mwandiko wa tarakimu. Wajerumani huandika 1 kwa kijimkia kirefu cha kupanda, kwa hiyo 7 isiyokatwa katikati huweza kudhaniwa ni 1. Wewe ikate. Na jina la mtaa likiwa na herufi ß, unaweza kuandika ss bila tatizo lolote.

Mwalimu wa Korogwe aliandika:

Shikamoo Mzee, na ahsante sana dada yangu. Kumbe jina la mama yule ndilo nililolikosa tangu mwanzo. Nitampigia simu mdogo wangu leo jioni. Limebaki jambo moja: anwani yangu mimi niiweke wapi, au niiache kabisa?

Mstaafu wa Posta alijibu:

Marahaba, Mwalimu. Ukitaka kuiweka, iandike kwa herufi ndogo juu kabisa upande wa kushoto, kabla ya salamu, na jina la nchi yetu liwemo. Ukiiacha, kadi itakwenda vilevile, ila ikishindikana kufikishwa haitakuwa na pa kurudi. Kwa kadi uliyoichagua kwa upendo namna hiyo, mimi ningeiweka.

Acha pia ukanda mtupu chini ya mstari wa nchi, takriban upana wa kidole, kwa sababu mashine za huko huchapa hapo mistari yao ya utambuzi, na maneno yaliyoandikwa chini kabisa hufunikwa. Andika kwa kalamu ya wino wa kawaida, uache wino ukauke kabla hujaishika kadi. Kisha usiitumbukize tu sandukuni: ipeleke kaunta, iwekwe stempu ya kutosha kwa safari ya ndege, na uombe mhudumu akusomee mstari wa mwisho ungali umesimama hapo.