Naomba ushauri: Je, mama alipie tiba ya seli shina ilhali fizi zake bado zinatoka damu?

Mwanahawa:
Ndugu wanajamvi, nawasalimu kwa heshima. Mama yangu ana miaka 58, na kwa muda mrefu fizi zake zimekuwa zikivimba na kutoka damu kila anapopiga mswaki. Sasa meno mawili ya mbele chini yanacheza, na alipopimwa alikutwa na mifuko ya milimita 6 kati ya jino na ufizi. Kliniki moja imetuambia kwamba akidungwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ufizi na mfupa vitaota upya. Ndugu wameshachanga fedha. Je, seli hizo zitafanya kazi katika ufizi uliovimba namna hiyo?

Tabibu wa Kinywa:
Dada Mwanahawa, pole kwa kuuguza. Seli shina mama anazo tayari: mwaka 2004 watafiti wa Marekani walieleza zile walizozipata katika kano nyembamba inayoshikiza jino kwenye mfupa, kutoka kwenye magego ya mwisho yaliyong'olewa, na nyingine zimo katika nyama ya ufizi wenyewe. Kinachozikwamisha ni mazingira. Bakteria waliojificha chini ya ufizi huzichochea seli za kinga kumwaga protini kama TNF-alfa na intalukini-1. Kwa siku chache ishara hizo zina faida, maana husaidia kuanzisha uponyaji wa jeraha. Zikidumu miezi na miaka, uwezo wa seli shina kugeuka kuwa seli za kujenga mfupa hudhoofika, huku seli zinazomung'unya mfupa zikipata nguvu. Seli mpya zikidungwa humo zitakutana na hali ileile. Isitoshe, tiba hiyo bado iko katika ngazi ya majaribio, nami nasikitika kwamba mnauziwa kama huduma ya kawaida. Je, mama amewahi kukwanguliwa ugaga chini ya ufizi? Sukari yake ikoje?

Mwanahawa:
Hajawahi, daktari. Sukari anayo, na dawa huzikatisha mara kwa mara.

Mjukuu wa Bibi Salma:
Dada, hapo kwenye sukari msipapuuze. Sukari ikipanda huukoleza uvimbe wa fizi, na uvimbe nao huifanya sukari iwe ngumu kushuka.

Tabibu wa Kinywa:
Ni kweli kabisa. Basi fedha hizo zizuieni kwanza. Mama akwanguliwe ugaga kwa ganzi, arudie dawa za sukari bila kukatisha, asafishe katikati ya meno kila siku, kisha mifuko ipimwe tena baada ya miezi 2 hadi 3. Msishtuke meno yakionekana marefu kuliko awali, kwani huo ni uvimbe ulioshuka. Mifuko mirefu ikibaki ilhali damu imekoma, ndipo upasuaji wa kujenga upya mfupa unapoweza kuzungumzwa.

Mwanahawa:
Nashukuru sana. Jumatatu nitampeleka mwenyewe, na vipimo vipya nitavileta hapahapa.