Kikundi cha kina mama na watoto waliopitia kipigo nyumbani, hapa Malindi: tuanze vipi?

BintiMaweni aliuliza:

Assalaam aleykum, na salamu kwa wote. Tuko wanawake wanne hapa Malindi: wawili wahudumu wa afya ya jamii, mmoja mwalimu wa chekechea, mmoja fundi cherehani. Tunataka kuanzisha kikundi cha kina mama waliopigwa au wanaopigwa majumbani, pamoja na watoto wao. Tumepewa chumba kimoja chenye ua nyuma, bure, siku moja kwa wiki. Tuchukue watu wangapi? Vikao viwe vingapi? Watoto wakae na mama zao au mbali nao? Na je, tumwombe chifu atutangazie barazani? Tunaomba majibu ya kutendeka.

Nasaha_Pwani:

Wa aleykum salaam, dada. Nianze na la mwisho: msitangaze barazani. Mlango ukishajulikana mtaani kuwa ni wa waliopigwa, anayepigwa hatauingia, na mume atapata habari mapema. Hatari huwa kubwa zaidi pale mwanamke anapoanza kuondoka au mume anapohisi kwamba anapanga kuondoka. Kipeni kikundi jina la kazi: ushonaji, ukili, mapishi. Na kazi hiyo ifanyike kweli. Mwanamke akirudi nyumbani mikono mitupu wiki baada ya wiki, ataulizwa alikuwa wapi. Kwa hilo fundi wenu wa cherehani ni hazina.

Wapateni wanachama kimyakimya, kupitia manesi wa kliniki ya uzazi, walimu na wahudumu wa afya. Kila mmoja aonwe peke yake kwanza, faraghani, kwa saa nzima. Muulizeni bila kuzunguka: amewahi kukukaba koo? Amekutishia kukuua, au ana silaha? Kipigo kimezidi siku za karibuni? Una mimba? Nani hushika simu yako? Aliyekabwa koo apelekwe hospitali hata kama shingoni hakuna alama, hasa sauti ikikwaruza au akimeza kwa shida, kwa sababu uvimbe wa ndani unaweza kuja baadaye. Mwenye majibu mazito asisubiri kikao. Mpango wake wa usalama upangwe siku hiyo hiyo. Anayesema hataki tena kuishi asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo. Kikundi atajiunga baadaye.

Jambo moja la mji wetu: hapa watu ni ndugu. Muulizeni kila mama majina ya mawifi na mashemeji walio karibu. Mtu na wifi yake wakiwekwa chumba kimoja, habari itafika kwa mume kabla ya magharibi.

Chukueni kina mama 8 hadi 10, na baada ya kikao cha pili mfunge mlango. Mgeni akiingia katikati, wote hurudi kunyamaza. Vikao 8 hadi 10, kila kimoja dakika 90, mara moja kwa wiki. Wawezeshaji wawe wawili: mmoja anaongoza, wa pili anatazama chumba na kumfuata nje atakayeinuka kwa ghafla. Epukeni Ijumaa, na hesabuni kalenda ili mzunguko uishe kabla ya Ramadhani.

Nauli ya bodaboda au tuktuk mpeni mtu mkononi. M-Pesa huacha ujumbe kwenye simu, na simu hukaguliwa. Kundi la WhatsApp msifungue kabisa. Kubalianeni ujumbe mmoja usio na maana kwa mtu mwingine, kama "kitambaa kimefika", kwamba kikao kipo. Daftari liwe na namba, si majina. Mfadhili akidai picha, apigiwe picha ya mikeka na cherehani.

Ndani ya kikao: vikao viwili vya kwanza asitakiwe mtu kusimulia kipigo. Ongeeni usingizi, mwili unaoshtuka kwa kila kishindo cha mlango, namna ya kuvuta pumzi polepole. Mkija kwenye udhibiti (pesa kushikiliwa, kukatazwa kwenda kwao, simu kunyang'anywa), wenyewe watafunguka, na kila mmoja atasikia kwamba mambo yaliyompata yana mpangilio unaofanana. Huo ndio moyo wa kikundi: mwanamke anarudishiwa uwezo wa kuamua, hata kuamua kunyamaza leo. Muda wa mwisho, kama robo saa, uwe wa kazi ya mikono na chai. Mtu asitolewe mlangoni akiwa bado analia.

Mpango wa usalama ufanyeni kwa vitu halisi. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto, dawa, nakala ya ufunguo: vikae kwa jirani wa kuaminika, si chini ya godoro, ambako hutafutwa kwanza. Pesa ya nauli ifungwe kwenye pindo la leso anayovaa kila siku, aweze kutoka nayo hata bila mkoba. Achague mapema njia ya kutokea, na wakati wa ugomvi asikimbilie jikoni kwenye visu na moto wala chumba kisicho na mlango wa pili.

UaWaWatoto:

Nakubaliana na Nasaha. Mimi nishike upande wa watoto, kwa sababu wengi huwafanya wa kuwekwa kando tu wasisumbue.

Ua wenu uwe wa watoto, ila hakikisheni sauti za mama haziwafikii. Wagawe: miaka 4 hadi 6, 7 hadi 11, na 12 kwenda juu. Watoto 6 hadi 8 kwa kundi, watu wazima wawili. Kwa kuwa ua ni mmoja, anzeni na kundi moja. Msiwachanganye wote kwa kuwa nafasi ni ndogo. Wadogo dakika 45 zinawatosha. Chini ya miaka minne abaki mahali anapomwona mama yake.

Vifaa si ghali. Donge la kuchezea: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji yaongezwe kidogo kidogo mpaka lisigande mikononi, kama robo tatu ya kikombe. Lihifadhiwe kwenye mkebe wenye mfuniko, maana joto letu huliharibu haraka, likinuka, tupeni. Mtoto asiyesema neno wiki tatu atalifinya, atalipiga, atajenga nyumba na kuibomoa. Mwacheni. Msimwambie achore "baba alivyofanya". Semeni tu, "Nieleze hapa," mkionyesha mahali alipochora, kisha mnyamaze.

Kila mtoto aondoke anajua mambo matatu. Si kosa lake. Asiingie katikati kutenganisha watu wazima, atoke. Na anajua wa kumkimbilia: achore kiganja chake, kila kidole mtu mzima mmoja. Karatasi hiyo isiende nyumbani, ibaki kwenu. Wafundisheni namba 116, ya msaada kwa watoto, isiyolipiwa. Wajizoeze kusema jina la mtaa na alama ya karibu, kama msikiti au duka.

Baada ya chai ya kina mama, mama na mtoto wacheze pamoja dakika 15, mtoto akiongoza, mama asimsahihishe. Watoto wa nyumba hizi mara nyingi humtukana mama kwa maneno yale yale ya baba, na mama naye hupiga au huachia kila kitu. Mwelezeni kwamba kukojoa kitandani na kurudia utoto ni hofu, na fimbo huzidisha.

Mtoto akifichua kwamba amechezewa kingono, msimhoji na msimwahidi siri. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, hata kama si Kiswahili sanifu, kisha hospitali na afisa wa watoto siku hiyo.

MsaidiziWaSheria:

Niongeze machache. Kwa ubakaji, au unajisi (mtoto kuingiliwa), dawa za PEP za kuzuia HIV zianze haraka, na kabla ya saa 72 kupita. Humezwa siku 28. Za kuzuia mimba hufaa hadi saa 120. Asioge kabla ya uchunguzi. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, kwa sababu mfuko wa plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitali ijaze fomu ya PRC, ya matibabu na uchunguzi baada ya kubakwa. P3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, hutolewa bure. Kesi hizo hazimalizwi na wazee wala chifu, hata familia zikishaelewana fidia.

Sheria ya mwaka 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani inahusu pia vitisho, kufuatwafuatwa na kunyimwa fedha. Mahakama inaweza kutoa amri ya muda kabla ya kumsikiliza mume. Kwa Waislamu, Kadhi huamua talaka na matunzo. Kipigo ni cha polisi na hakimu, na mambo hayo mawili yanaweza kwenda sambamba. Namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo.

BintiMaweni:

Allah awalipe. Mawili yamebaki. Mzee mmoja wa msikiti anataka waume waitwe wapatanishwe kikundini. Na kina mama wa Kakuyuni wanaongea Kigiriama zaidi.

Nasaha_Pwani:

Mzee huyo mheshimuni, ila waume wasiitwe. Mwanamke hawezi kusema kweli mbele ya anayerudi naye nyumbani, na akisema, ataadhibiwa njiani. Mwombeni mzee kitu kingine: azungumze na wanaume hukohuko msikitini, na asimrudishe mwanamke aliyekimbilia kwake.

Kuhusu Kigiriama, mwezeshaji mmoja awe anakiongea mwenyewe. Msitumie mkalimani wa ukoo wala mtoto wa mama huyo. Nyie ambao si wataalamu msiogope: mbinu ya Shirika la Afya Duniani ya kupunguza msongo wa mawazo, iitwayo PM+, ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ikiendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii, vikao vitano vya ana kwa ana, na iliwasaidia. Lakini walifundishwa kwanza na walisimamiwa. Tafuteni mshauri mmoja wa hospitali wa kukaa nanyi kila wiki mbili. Na chama cha kuweka akiba kisubiri mzunguko uishe. Mwenye deni la chama huacha kuja, na ndiye mara nyingi anayekihitaji kikundi zaidi.