Likizo ya Juni na watoto na bibi yao, tunatokea Moshi, twende wapi?

mama_pasua:
Habari zenu wadau. Naishi Moshi mwaka wa kumi na moja sasa na wanangu watatu hawajawahi kuona twiga zaidi ya kwenye picha, inaniuma kweli. Shule zikifunga mwezi wa sita nina siku nne za likizo, mdogo ana miaka 6, na mama yangu mzazi anakuja toka Singida, ana miaka 70 na ushee na magoti yanamsumbua. Nataka waone wanyama ila pia wajue mila za huku za Wachaga maana baba yao kwao ni Uru lakini wamekulia mjini, hata kihamba, lile shamba la ukoo nyumbani, hawakijui. Huyu ananiambia Ngorongoro, yule Materuni, mwingine Chemka kwenye chemchemi, nikipiga hesabu ya gari na kulala naona giza. Nisaidieni.

usa_river:
Dada Ngorongoro iache kwanza. Ni pazuri sana hilo sibishi, ila toka Moshi ni masaa kama matano barabarani, na kushuka kreta lazima fo-wili na gari nalo linalipiwa tozo yake ya kushuka, hapo hujalala hujala. Nenda Hifadhi ya Arusha, unakunja pale Usa River, asubuhi unaenda jioni unalala kwako. Twiga wapo wengi, nyati, pundamilia, mbega wale weusi wenye mikia mirefu myeupe wanaruka juu ya miti mpaka mtoto anasahau kula. Simba hakuna kwa hiyo mnaruhusiwa hata kutembea kwa miguu mkiwa na askari mwenye bunduki, mama abaki kwenye gari tu ataona vilevile. Msiondoke bila kuzunguka maziwa ya Momella, maji yake ni ya magadi na kila ziwa lina rangi yake kwa sababu ya mwani, mkibahatika mtakuta ndege heroe wamejaa.
Beba NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto mlipe bei ya mwananchi. Malipo ni kwa kontroo namba, keshi getini hawapokei. Mimi kuna kampuni ilinipa bei ya chini nikafurahi, kufika getini naambiwa kiingilio hakimo, nikalipa mara mbili. Uliza kabla, na waandike.

meku_wa_uru:
Mama, kama baba yao ni wa Uru mbona umeshamaliza kazi? Materuni ndiyo huko huko Uru. Maporomoko ni ya kutembea, kuna mteremko na unateleza, bibi asiende. Yeye akae pale wanapoonyesha kahawa inavyotengenezwa. Watoto watatwanga kwenye kinu kutoa maganda, wataikaanga kwenye chungu juu ya kuni mpaka ianze kupasuka na moshi kuwaingia machoni, kisha wanatwanga tena ndiyo inachemshwa. Mtoto aliyekunywa ile hatasahau.
Lakini nakuomba, siku moja walale kwa babu yao. Awaonyeshe mfongo unaoleta maji toka mlimani, awaambie kwa nini mpakani tunapanda masale, ile mimea ya majani marefu, na kwa nini mtu akikuletea jani la sale kuomba msamaha huwezi kumkatalia. Hilo hakuna mtembeza watalii atakayewapa kama babu yao. Na bibi wa Singida ajaribu mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ulezi anaujua, ndizi ndiyo atashangaa.

dereva_noah:
Chemka muende katikati ya wiki, wikiendi hapakaliki. Mnapitia Boma Ng'ombe halafu vumbi mpaka mfike. Watu wanaita maji moto ila ni ya uvuguvugu tu, masafi unaona mpaka chini, na hapo ndipo penye hatari maana yanaonekana mafupi kumbe marefu. Huyo wa miaka 6 usimwachie hata dakika, kodi tairi la kuelea. Bibi aweke miguu tu, kuna visamaki vinadonoa vidole.

mama_pasua:
Mungu awabariki jamani. Meku nimempigia baba mkwe sasa hivi, kanyamaza kidogo kwenye simu halafu akauliza wanapenda mtori au kiburu, vyakula vyao vya ndizi. Kwa hiyo Jumatatu Momella, Jumanne tunapumzika mama asichoke, Jumatano Chemka, Alhamisi tunapanda Uru tunalala. Usa_river, Juni huko hifadhini baridi ikoje, nimbebee mama blanketi?

usa_river:
Beba, na masweta ya watoto. Asubuhi pale kuna ukungu mzito.