Naomba ushauri: mabwawa ya mwatiko Ngomeni na mambo ya nje yanayobana

Wadau, salaam. Tunapanga mwaka wa kampuni ya kufuga mwatiko (samaki wa maji ya chumvi) hapa Ngomeni, Malindi, na yanayotusumbua ni yale tusiyoyamiliki.

Kubwa ni vifaranga vya samaki. Ni vya kuvua baharini, kwenye vijito vya mikoko wakati wa bamvu, bahari inapojaa sana. Msimu ukiwa mbaya bwawa hubaki tupu na mishahara haisubiri. Pili, mvua ya masika. Mwatiko huvumilia chumvi ikishuka, tatizo ni maji ya mvua kutanda juu ya yale mazito ya chumvi: hewa haifiki chini, na alfajiri samaki wanahema juu. Dawa ni kubadilisha maji, lakini mvua ikiangukia maji mafu, siku bahari inapojaa kidogo tu, mlango wa bwawa haupitishi kitu. Inabaki pampu, na dizeli inakula faida.

Chakula nacho: dagaa na soya tunagombania na wafugaji wa kuku. Kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, tunakijua.

Naomba kujua: mnakadiriaje upungufu wa vifaranga kwenye bajeti? Na mkataba na hoteli uandikweje ili Mei, watalii wakiwa wachache, samaki wa gramu 300 wasikose mnunuzi?