Nimelipia "mtazamo mpya" wa Ulaya, nimeuziwa Zama za Giza zilezile

Ndugu wanajukwaa,

Nimekasirika, kwa hiyo mnivumilie. Nilijiunga na kozi ya jioni katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, kwa sababu tangazo lake liliahidi kuzitazama upya siasa na utamaduni wa Ulaya ya mwanzo wa Zama za Kati, na ada nikailipa yote kwa mkupuo mmoja. Kabrasha la kwanza tulilogawiwa lilifunguka hivi: mwaka 476 Roma ilianguka, washenzi wakaingia, giza likatanda.

Insha yangu ilimhusu Theodoric, mfalme wa Wagoti wa Mashariki (kabila mojawapo la hao wanaoitwa "washenzi") aliyeitawala Italia kuanzia 493 hadi 526. Nilieleza kwamba Odoacer, jemadari aliyemwondoa Romulus Augustulus, kaisari wa Magharibi, mwaka huo wa 476, hakujitangaza kaisari, bali alama za ukaisari zilipelekwa kwa Zeno, kaisari wa Mashariki, huko Konstantinopoli. Kwamba Seneti, baraza la kale la wakuu wa Kirumi, iliendelea kuwapo Roma. Na kwamba barua nyingi za Theodoric ziliandikwa kwa Kilatini cha madaha na Cassiodorus, Mrumi wa ukoo uliozoea vyeo vya serikali. Imerudi na wino mwekundu umekatiza ukurasa mzima: "Umepotoka. Washenzi hawakuwa na dola."

Washenzi! Watu wa bara waliwahi kuitwa hivyo na watu wa pwani, na sijawahi kusikia aliyejiita mshenzi mwenyewe. Ni neno la mtazamaji, na mwalimu wa historia anayelitumia kama jina la kabila anapaswa kujieleza.

Kaburi la Childeric, mfalme wa Wafaranki, kabila jingine la "washenzi", aliyefariki mnamo 481, lilifukuliwa Tournai, katika Ubelgiji ya leo, mwaka 1653. Ndani yake ilikutwa pete ya muhuri yenye sura yake: nywele ndefu zinazoshuka mabegani kama za wafalme wa kwao, mkuki mkononi, vazi la jemadari wa Kirumi, na jina lake pamoja na cheo cha mfalme kwa Kilatini. Mtu huyo tumweke upande gani? Swali hilo ndilo nililodhani nimelilipia.

Sisemi kwamba hakuna kilichoharibika. Britania ya karne ya 5 iliacha kutumia sarafu na hata kufinyanga vyungu kwa gurudumu, na hilo nililiandika, ila msahihishaji hakulifikia. Angelifikia, labda angesoma pia kuhusu Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki aliyetawazwa kaisari mwaka 800, ambaye waandishi wa enzi yake walisanifu herufi ndogo zilizozaa hizi tunazoandikia, na ambaye pauni yake ilikuwa na shilingi 20, hesabu ileile ambayo serikali ya Kenya iliitumia kwenye bajeti zake kwa miaka mingi baada ya uhuru.

Nimeomba insha isahihishwe na mtu mwingine, nikajibiwa kwamba utaratibu huo ni wa mitihani tu. Je, yupo hapa aliyewahi kurudishiwa ada kwa sababu kilichofundishwa hakikuwa kilichotangazwa? Alianzia ofisi gani?