Tupeane uzoefu: kushuka kutoka V8 ya kifahari hadi gari dogo la spoti

Gia ya Pili (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Jana nikiwa kwenye taa za Mwenge nimeiona ndinga yangu ya zamani. Sedani ya Kijerumani, V8 (injini ya silinda nane), turbo mbili, nguvu za farasi zaidi ya 500. Mwenye nayo mpya ameiosha inang'aa, ikanguruma pembeni yangu na moyo ukanidunda. Ndiyo maana naanzisha huu uzi.

Sikuuza kwa sababu nimefulia. Niliuza kwa sababu ule mwendo wake sina pa kuutumia. Ubungo hadi Kibaha ni malori, vibao vya 50 na trafiki wenye tochi za kupima mwendo. Ukikanyaga mafuta kidogo tu, kabla gia ya pili haijaisha umeshaingia kwenye faini. Sasa naendesha Toyota MR-S. Farasi 140, uzito kama tani moja, injini iko nyuma ya kiti. Gia ya pili naivuta mpaka sindano inafika juu, usukani unaniambia tairi za mbele zinafanya nini, na kila kona naifanyia kazi kwa mkono wangu. Kwenye ile V8 kompyuta ilikuwa inanifanyia yote.

Halafu vipuri. Injini ni 1ZZ, ileile iliyomo kwenye Wish na Premio za cc 1800. Koili, plagi, pampu ya maji, unaingia maduka ya Gerezani, Kariakoo, unachagua.

Nani mwingine ameshuka? Ulitoka wapi, ukaingia wapi, na nini kilikuuma?

Nasubiri Mkeka
Naweka kiti hapa. Ya kwangu iko sokoni, mnunuzi anakuja Jumamosi.

Msafiri wa Mbeya
Mkuu, umenirudisha kwenye usiku ambao sitausahau mpaka naingia kaburini.

Natoka Mbeya kuja Dar, mke wangu yuko mbele, mama mkwe nyuma. Gari ni hizohizo za Kijerumani za turbo mbili, kampuni siitaji. Kitonga tumeshuka vizuri, Mikumi mjini tumekunywa chai, giza limeshaingia. Tumo katikati ya hifadhi, dashibodi ikawaka nyekundu: simamisha gari. Sijakaa sawa injini ikajipunguza nguvu, mvuke ukafumuka kwenye boneti. Limechemsha.

Mnaoijua ile barabara mnajua. Nyumba hakuna, taa hakuna, na kushuka kwenye gari hairuhusiwi kwa sababu ya wanyama. Nikawasha hazadi. Mwanga unapowaka naona macho kando ya barabara. Nyati. Wametulia wanatutazama. Mke wangu ananishika mkono kila nikigusa kitasa. Mama mkwe akatoa rozari, akaanza kusali kwa sauti, akimaliza anaanza upya. Malori yanapita kwa kasi, gari zima linatikisika, hakuna anayesimama, na siwalaumu, maana usiku pale nani anamjua nani?

Baadaye semi moja iliyotoka Tunduma ikapunguza, ikarudi nyuma taratibu, ikajipanga ubavuni kwetu upande wa nyati, taa zote zimewaka. Dereva mtu mzima, hana maneno mengi. Utingo wake akashuka na tochi, akangoja injini ipoe, akachungulia. Kiungo kimoja cha plastiki cha hosi ya maji kilikuwa kimevunjikavunjika kama biskuti. Akakata kipande cha hosi kwenye akiba yao, akafunga kwa klipu mbili, akajaza maji ya dumu. Akaniambia washa hita mpaka mwisho, usivuke 60, mimi niko nyuma yako. Na kweli alinifuata nyuma mpaka Morogoro. Pesa alikataa. Mama mkwe akamwekea mkono kichwani, akambariki palepale.

Fundi Dar akanieleza kwamba zile turbo zimekaa juu, katikati ya safu mbili za silinda, na joto lote linaishia pale. Plastiki zinakauka mwaka hadi mwaka. Kiungo chenyewe kinaenea kiganjani, ila kukifikia ni siku nzima ya kufungua vitu. Nililitengeneza vizuri, nikaliuza kwa mtu niliyemweleza kila kitu, nikanunua Toyota Altezza RS200 ya gia sita za mkono. Silinda nne, turbo hakuna, boneti ukiifungua unaona mpaka chini.

Kipara cha Tairi
Nyati walikuwa wangapi mkuu?

Mjukuu wa Fundi
Kweli kabisa kuhusu hita. Hita ni rejeta ya pili, inavuta joto kwenye injini. Kila dereva aijue hiyo.

Kipara cha Tairi
Simba je?

Msafiri wa Mbeya
Simba sikumwona. Fisi tulimsikia. Nyati sikuwahesabu ndugu yangu, nilikuwa naangalia geji ya joto.

Mtoto wa Ilala
Huyo dereva wa semi ungemtafuta. Watu wa hivyo wanastahili kutajwa.

Msafiri wa Mbeya
Namba yake ninayo. Kila Krismasi nampigia.

Mhasibu wa Barabara
Turudi kwenye mada. Mnaotaka kuagiza hizi gari za zamani msiangalie bei ya Japani peke yake. Ushuru wa forodha asilimia 25, gari ikizidi miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu asilimia 30, VAT 18, na bado ushuru wa bidhaa kulingana na cc. Gari la bei chee linakuja kukupiga bandarini. Mimi nasema nunua iliyopo nchini, hata kama ni namba C, yaani ya usajili wa zamani.

Mzunguko
Basi chukua Mazda RX-8. Cc 1300 tu, ushuru wa bidhaa unakuwa mdogo kuliko wa V8, na injini ya rotari, isiyo na pistoni, inapanda mizunguko hakuna mfano.

Mjukuu wa Fundi
Mzunguko, usiwaingize watu mjini. Rotari inachoma oili kwa jinsi ilivyoundwa, inaidungia ndani ya chemba ili kulainisha sili. Mwenye nayo asipopima oili kila akijaza mafuta anaiua. Na mgandamizo wake unapimwa kwa kifaa maalumu, sasa hapa mjini ni mafundi wangapi wanacho?

Mzunguko
Anayejali gari lake atapima. Mmezoea gari za kusahau.

Mjukuu wa Fundi
Mtu ametoka kwenye gharama, wewe unamrudisha kwenye gharama. Huo si ushauri.

Bi Mkubwa wa Goba
Mimi nilitoka kwenye SUV ya kifahari ya farasi 400 na kitu, nikaingia Mazda Roadster, MX-5. Watoto wamekuwa wakubwa, wako vyuoni, mizigo sina. Kilichoniuma ni matuta ya huku kwetu, lazima uyapande mshazari. Basi. Jioni nikifunua paa kutoka kazini kupitia Bagamoyo Road, uchovu wote unaniisha.

Chuma cha Pua
Roadster ni gari la kike lakini.

Bi Mkubwa wa Goba
Mwanangu, gari hilo linaundwa tangu 1989 na zimeshatoka zaidi ya milioni moja. Duniani kote watu wanashindana nalo kwenye mashindano. Njoo nikupeleke kona za Lushoto, halafu useme ni la nani.

Mtu wa Thika Road
Nawasoma kutoka Nairobi nikiwaonea wivu. Sisi gari likipita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, haliingii Kenya. MR-S na Altezza ni za kutafuta humuhumu ndani, na wenyewe wamezikalia. Ninayoiwaza ni Toyota 86, lita mbili, farasi 200, ila bei yake inakaribia ile niliyouzia coupe yangu.

Mswahili wa Muscat
Huku mafuta si shida, V8 kila mtu anayo. Nikauza yangu, nikachukua 86. Barabara za milimani kwenda Jabal Akhdar lakini zinataka magurudumu manne, polisi wanakurudisha pale kizuizini. Nabaki barabara za pwani, natosheka.

Nasubiri Mkeka
Gia ya Pili, nikienda kukagua MR-S niangalie nini?

Gia ya Pili
Kijiti cha oili kwanza. 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, usikubali kuambiwa "imepungua tu kidogo". Pili, hakikisha ina pedali tatu. Zipo za SMT, gia unabadilisha bila klachi, pampu yake ikifa fundi wa kukusaidia humpati kirahisi. Tatu, imwagie maji juu ya hema, yaani lile paa la turubai, kaa ndani uone kama linavuja.

Mjukuu wa Fundi
Na aisikilize injini ikiwa ya baridi. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, ondoka.

Mhasibu wa Barabara
Usiondoke. Subiri ipoe, kunywa soda, iwashe tena.

Nasubiri Mkeka
Sawa wakuu. Bi Mkubwa, siku ukiiuza Roadster yako nianze mimi.

Bi Mkubwa wa Goba
Siuzi. Ila kuna nyeupe moja Tegeta, gia za mkono, mwenyewe anahama nchi. Nakutumia namba yake pembeni. Nenda na fundi, mlale chini na tochi mwangalie kutu kwenye vizingiti vya milango, hasa karibu na tairi za nyuma.